Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji na Mazingira: kuchemsha hakuondoi sumu ya risasi

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zetu, pamoja na heshima zote zinazostahili cheo chako. Tunaandika hadharani kwa sababu barua zetu za nyuma ziligongwa mhuri wa kupokelewa kwenye masjala yako na safari yake ikaishia hapo.

Wiki hii mto umepita mbele ya kidaka maji, pale mtambo wetu unapovutia maji, ukiwa mweusi, umebeba povu na samaki waliokufa. Mabombani yakatoka maji yenye harufu ya kemikali. Jioni ya siku hiyohiyo ofisi yako ikatoa tangazo la sentensi mbili: ya kwanza inasema maji yamepimwa na ni salama, ya pili inawataka wananchi wayachemshe kabla ya kunywa. Maji yaliyo salama yanachemshwa kwa ajili gani, Mheshimiwa? Labda chai.

Hatugombani na kuchemsha. Maji yakitokota kwa dakika moja kamili, au dakika tatu kwa wanaoishi zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara hufa. Hufa hata Cryptosporidium, kijidudu kinachostahimili klorini, ambacho mwaka 1993 kilipenya mtambo wa kusafisha maji wa Milwaukee, Marekani, kikaugua watu wapatao 400,000. Kwa uchafu wa kinyesi, sufuria ni dawa.

Lakini kinyesi peke yake hakitoi rangi ile wala harufu ile. Hizo ni dalili za majitaka ya kiwandani, na katika majitaka hayo hukutwa metali kama kromu, risasi na kadimi, pamoja na viyeyusho vya mafuta na rangi. Risasi haifi kwa moto kwa kuwa haikuwa hai. Chemsha lita mbili mpaka ibaki lita moja: mvuke umekwenda, risasi yote imebaki, na kila kikombe sasa kina risasi maradufu. Naitreti, chumvi itokayo kwenye mbolea na vinyesi, nayo ni hivyohivyo, na hapa ndipo tangazo lako linapotutia hofu zaidi. Mama anayemkorogea mtoto mchanga maziwa ya unga ndiye atakayelitii kwa uaminifu kuliko mtu yeyote. Atachemsha muda mrefu, tena mara mbili. Tumboni mwa mtoto naitreti hugeuka naitraiti, naitraiti huzuia damu isibebe oksijeni, na midomo ya mtoto huanza kuwa na rangi ya samawati. Shirika la Afya Duniani limeweka mwisho wa naitreti kuwa miligramu 50 kwa lita. Maji ya kisima yenye miligramu 40 yanakubalika. Yakichemshwa mpaka robo yake ikauke, yanazidi 53.

Kwa metali mipaka ni midogo mno kwa jicho au ulimi kuitambua: risasi na aseniki miligramu 0.01 kwa lita, zebaki 0.006, kadimi 0.003. Maji meupe kabisa, matamu, yanaweza kuvuka mipaka yote hiyo. Kwa hiyo rangi nyeusi ikishapita na bomba likaanza kutoa maji maangavu, tafadhali asijitokeze afisa mbele ya kamera akanywa glasi moja na kutabasamu. Madhara ya risasi hayaonekani kwa glasi moja wala kwa mtu mzima wa makamo. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kiasi anachofyonza mtu mzima kutokana na risasi ileile iliyomezwa, nayo humwathiri ubongo taratibu, mpaka ije ionekane darasani.

Sasa tuje kwenye neno "yamepimwa". Mto umechafuka asubuhi, tangazo limetoka jioni. Kipimo cha kawaida cha E. coli, kijidudu kinachoonyesha kwamba kinyesi kimeingia majini, huhitaji sampuli ikae ndani ya kitotoleo kwa saa 18 hadi 24 ndipo vijidudu vihesabike. Hakuna maabara inayoweza kufupisha saa hizo kwa kuwa mkubwa anasubiri. Vinavyoweza kupimwa papo hapo kando ya mto au bombani ni tindikali, joto, ukungu wa maji, klorini iliyobaki na uwezo wa maji kupitisha umeme. Ni vipimo vya maana, tunaviheshimu, ila hakuna hata kimoja kinachoweza kusema kwamba maji hayana risasi. Mheshimiwa, jioni ile mlikuwa na namba gani mkononi?

Tena sampuli zenyewe zilichukuliwaje? Chupa ya kupimia vijidudu hutakiwa kuwa imetakaswa na kutiwa sodiamu thiosalfeti kidogo. Isipotiwa, klorini iliyomo kwenye maji huendelea kuua vijidudu njiani, na maabara itahesabu sifuri ya kupendeza isiyo na maana yoyote. Chupa hiyo haisuuzwi, haijazwi mpaka juu, hukaa kwenye sanduku lenye barafu, na inafaa ifike maabara ndani ya saa 6, zisizidi 24. Chupa ya kupimia metali ni nyingine kabisa: hutiwa asidi ya nitriki mpaka pH, yaani kipimo cha ukali wa tindikali, ishuke chini ya 2, vinginevyo metali hunata kwenye kuta za chupa na maji yanayopimwa hubaki safi kuliko yalivyotoka mtoni. Na anayetafuta risasi inayotoka kwenye mabomba ya nyumba huchukua lita ya kwanza kabisa, maji yakiwa yamelala bombani saa 6 au zaidi. Akifungulia bomba dakika tano kwanza "ili maji yatulie", ameumwaga ushahidi.

Kuhusu mto, maji machafu hupita kama treni. Anayekuja kesho yake saa nne asubuhi kuchota ndoo moja anapima maji ya leo, ya jana yameshafika kwingine. Kinachobaki ni tope. Chukueni sentimita chache za juu za tope la mtoni, mahali pa kwanza juu ya kila bomba la kumwagia majitaka na pa pili chini yake, mlinganishe metali. Tope halijui ratiba ya wakaguzi.

Nani amemwaga? Tunakisia, na tunasema wazi kwamba tunakisia. Mvua kubwa ilinyesha usiku uliotangulia, na mvua ni kisingizio kizuri kwa mwenye bwawa la majitaka lililojaa: ukifungua lango usiku, mto unayapunguza makali na mvua inabeba lawama. Inawezekana pia bwawa lilifurika lenyewe kwa kuwa halikuondolewa tope miaka mingi, likabaki na nusu ya kina chake. Tungekuwa hatukisii kama vile vihisi ulivyoahidi vingekuwa vimefungwa. Kihisi cha kupima upitishaji umeme na tindikali kila baada ya dakika 15, kimoja kwenye kila mdomo wa bomba na kimoja juu ya kidaka maji, kingeonyesha saa na mahali. Pia kingewapa wahudumu wa mtambo muda wa kufunga lango la kidaka na kugawa maji yaliyomo kwenye matangi mpaka uchafu upite.

Badala yake waliongeza klorini. Hatuwalaumu, ndicho walichonacho. Ila uchafu mwingi wa mimea na kemikali huila klorini kabla haijafika kwa vijidudu, na huzalisha nayo kemikali nyingine zisizofaa kunywewa. Shabu nayo hukusanya tope, haigusi kiyeyusho kilichokwisha kuyeyuka. Hicho hutaka unga wa mkaa uliowezeshwa, yaani ulioandaliwa maalumu ili unase kemikali. Na mgao mnaoutangaza sasa, saa chache kwa siku, unazidisha balaa: bomba likiwa tupu halina msukumo, hivyo kila ufa hunyonya maji ya mtaro unaopita jirani. Yale maji ya dakika za mwanzo mgao unaporudi ndiyo machafu kuliko yote, na ndiyo kila mtu anayakimbilia kwa ndoo.

Wenzako wameshapitia njia hii. Walkerton, Kanada, Mei 2000: mvua iliingiza samadi ya ng'ombe kisimani, wahudumu walikuwa wakiandika daftarini vipimo vya klorini vya kubuni, na maafisa wa afya walipouliza wakajibiwa kwamba maji ni mazuri. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,000 waliugua. Flint, Marekani: chanzo cha maji kilibadilishwa Aprili 2014 bila dawa ya kuzuia maji yasile mabomba, risasi ikaingia majumbani, wakazi wakaonyesha chupa za maji ya kahawia wakaambiwa hayana neno. Oktoba mwaka huo kiwanda cha injini kikaruhusiwa kuyaacha maji hayo kwa kuwa yalitia vipuri kutu. Wananchi walirudishiwa maji yao ya zamani Oktoba 2015. Injini zilisikilizwa mwaka mzima kabla ya watoto.

Tulikuwa na orodha ndefu ya madai: vihisi vifungwe, mabwawa yakaguliwe usiku, mwagaji apelekwe mahakamani, malori ya maji yaanzie kwenye nyumba zenye watoto wachanga, wananchi waambiwe wasiokote wale samaki. Yote tunayataka bado. Lakini tunajua orodha ndefu huundiwa kamati, na kamati huandika ripoti.

Basi tunaomba karatasi moja. Iandikwe kila sampuli ilichukuliwa wapi, saa ngapi, na nani kwa cheo chake; ilifika maabara saa ngapi; risasi, kromu, kadimi, zebaki, aseniki, naitreti na E. coli ni kiasi gani, na kikomo chake kando yake. Kisichopimwa kiandikwe "hakikupimwa". Ibandikwe kwenye kila ofisi ya mtaa na kila zahanati, na isomwe redioni kwa namba zake bila kivumishi chochote. Kama hakuna namba, futa neno "yamepimwa" leo hii, uwaambie akina mama wasimpe mtoto maji hayo, yawe yamechemshwa au hayajachemshwa, mpaka karatasi ipatikane.

Karatasi moja, Mheshimiwa. Yenye namba.

Wako kwa heshima,
Watumiaji na wahudumu wa maji