Mwanangu, baiskeli nimeijulia ukubwani

Mwanangu,

Juzi uliponambia kwenye simu kwamba bibi kakukataza baiskeli ya kwendea shule eti we mtoto wa kike, nilinyamaza ukadhani mtandao umekata. Haukukata. Maneno hayohayo niliambiwa mimi nikiwa na miaka kumi, Phoenix ya babu yako iko palepale uwani Makorora, Tanga, mjomba wako anainyonga mpaka Raskazone na kurudi, na mimi kazi yangu kuifuta vumbi. Nimekuja kujua baiskeli nina miaka 41, huku Utrecht, Uholanzi.

Ilianza na kazi. Zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee inaanza saa moja, na Jumapili basi la mapema hivo kwa huku kwangu halipo. Jirani yangu Mmoroko akanipeleka kwenye darasa la wamama wageni, Waturuki, Wasiria, Waeritrea, wote watu wazima. Mwalimu akateremsha siti mpaka nyayo zote zikakaa chini, akasema leo hakuna kunyonga, jisukumeni kwa miguu tu kama mnatembea, na ndo tulivyofanya wiki mbili nzima mpaka mwili ukazoea kujibeba, afu ndo tukaruhusiwa pedali. Siku niliyonyanyua miguu yote miwili nikaenda kama mita kumi hakuna aliyenishika, nililia mwanangu, na wala sikuona haya.

Breki ndo ilinitesa. Baiskeli nyingi huku mkononi hazina breki, ukitaka kusimama unarudisha pedali nyuma. Mi vidole vinatafuta vile vyuma kama vya ile ya babu, havipo, na njia yenyewe ni ya kulia sio kushoto kama kwetu, basi nikapitiliza pale penye pembetatu nyeupe zimechorwa chini, wao wanaziita meno ya papa, maana yake ngoja mwenzio apite. Nikamgonga mzee mmoja tairi la nyuma. Akashuka, akaniangalia kama nimeumia, akanionyesha kwa mguu wake namna ya kurudisha pedali, polepole, mara tatu, afu akaenda zake.

Sasa hivi natoka mtaa wa Lombok navuka daraja la Dafne Schippers, yule mkimbiaji wa hapahapa Utrecht aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 200. Lilifunguliwa 2017, la baiskeli na waenda kwa miguu, na njia ya kulipandia imepita juu ya paa la shule ya msingi. Zamu za mchana nawaona watoto wanaenda na baiskeli zao, wengine wadogo kuliko wewe, wasichana kwa wavulana, na kila nikiwaona nakuona wewe.

Lakini usidhani walizaliwa nazo njia hizi. Bibi mmoja ninayemhudumia kanisimulia, mwaka 1971 ajali za barabarani nchi hii ziliua watu zaidi ya 3,000, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wazazi wakachoka wakaingia barabarani kudai, watu wakalala chini lami na baiskeli zao. Yeye alikuwemo, na mwanawe mgongoni. Nilimwacha amalize hata chai ikapoa.

Sasa hili la baibui ambalo bibi analishikilia, mwambie huku wamama wanapanda na majuba marefu mpaka vifundoni na haliwi jambo. Baiskeli za kike hazina ule mtalimbo wa katikati, unapitisha mguu tu mbele, hupandishi nguo. Cheni imefungiwa ndani ya boksi. Na gurudumu la nyuma lina kava pande zote mbili ili nguo isiingie kwenye spoki. Zamani walikuwa wanafunga nyuzi, zinatoka karibu na ekseli zinasambaa kama feni mpaka kwenye madigadi, na hilo fundi wa Ngamiani hashindwi, mpe kamba ngumu ya nailoni na umwonyeshe picha nitakayokutumia.

Bibi nimeshaongea naye mimi mwenyewe jana usiku, alikasirika, afu akauliza itakuwa na kengele. Usimjibu vibaya, anaogopa malori na bodaboda na ana haki ya kuogopa, kwa hiyo barabara kubwa hapana kabisa, utapita mitaa ya ndani hata kama ni mzunguko.

Hela nitamtumia mjomba mwisho wa mwezi. Kabla hajaenda dukani simama ukutani bila viatu upimwe mguu kwa ndani, kutoka kwenye nyayo mpaka juu, maana siti ikizidi utaanguka kila ukisimama. Jumamosi nikipiga unipe hiyo namba.

Mama yako