Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyeuliza kalkulasi ina kazi gani

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Picha uliyonitumia nimeipokea, ile uliyopiga jioni mvua ilipokatika, upinde wa mvua ukiwa umesimama juu ya vilima vya mawe vya Mwanza. Ni picha nzuri, lakini kilichonifanya niandike hadharani ni maneno uliyoyaweka chini yake: kwamba uko kidato cha tano, unakesha na kalkulasi, ile hesabu ya kasi ya mabadiliko, na bado hujaona kitu hata kimoja chini ya jua kinachoihitaji. Kitu hicho umekipiga picha mwenyewe.

Najua ulichofundishwa, maana nami nilifundishwa hicho hicho: nuru ya jua huingia katika tone la mvua, hutawanyika kuwa rangi saba kama katika prizimu, kile kipande cha kioo cha pembe tatu, nasi tunaziona. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanajibu swali dogo na kuliacha kubwa. Matone ya mvua hayahesabiki, yametapakaa upande mzima wa anga, na yote yanapigwa na jua lile lile. Kwa nini basi anga yote isijae rangi? Kwa nini rangi zijibane kwenye utepe mwembamba wa mviringo, na kila mara kwa pembe ile ile? Prizimu inaeleza rangi. Upinde wenyewe unaelezwa na kalkulasi.

Chukua tone moja. Wachoraji hulipa ncha kama chozi, lakini tone dogo la mvua ni duara kama gololi. Mwale wa jua ukilipiga katikati kabisa, hupenya moja kwa moja, hugonga ukuta wa nyuma, na sehemu yake hurudi ulikotoka. Ukilipiga pembeni kidogo, hupinda unapoingia majini, huakisiwa nyuma ya tone, kisha hupinda tena unapotoka. Herufi a na iwe pembe ya kuingilia, yaani pembe kati ya mwale na mstari unaotoka kitovu cha tone kupitia pale mwale unapogusa. B na iwe pembe ya ndani, baada ya mwale kupinda. Kanuni ya kupinda kwa nuru inasema kwamba saini ya a (yaani sine ya hesabu za pembe, si ile ya kutia kwenye hundi) ni sawa na saini ya b mara 4/3, kwa kuwa nuru hupungua mwendo majini kwa takriban uwiano huo. Kanuni hiyo inabeba jina la Snell, Mholanzi wa karne ya 17, ingawa mwanahesabu Ibn Sahl alikwisha kuitumia Baghdad mwaka 984.

Mwale hugeuka kwa a − b unapoingia, kwa 180 − 2b unapoakisiwa, na kwa a − b tena unapotoka. Jumlisha, kisha toa jumla hiyo kwenye 180, nawe utapata P = 4b − 2a. Hiyo P ndiyo pembe ambayo mwale huo utakufikia nayo machoni, ukipima kuanzia kilipo kivuli cha kichwa chako.

Sasa weka namba, na tafadhali fanya hivyo kwa mkono wako. Kwa a ya digrii 10, P ni karibu 9.9, kwa 20 ni 19.5; kwa 30 ni 28.1, kwa 45 ni 38.1; kwa 60 ni 42.0. Halafu inageuka na kushuka: kwa 75 ni 35.7, na kwa 90, pale mwale unapoparuza ukingo wa tone, ni 14.4 tu. Linganisha sehemu mbili za orodha hiyo. Kutoka a ya 10 hadi 20, P imepanda kwa karibu digrii 10 nzima, kwa hiyo miale iliyoingia hapo imetawanyika na kufifia. Kutoka a ya 55 hadi 65, P haikutoka nje ya 41.3 na 42.0, miale yote iliyoingia hapo imesongamana kwenye nafasi isiyofika digrii moja. Ndivyo mpira uliorushwa juu unavyokawia kileleni kabla ya kushuka. Pale P inapokawia ndipo nuru inapolundikana, na lundo hilo ndilo jicho linaloliita upinde.

Kutafuta mahali ambapo kitu kinakawia ndiyo kazi unayoikeshea. Kasi ya badiliko la P ikiwa sifuri, b lazima iwe inabadilika kwa nusu ya kasi ya a. Ukiiingiza nusu hiyo katika kanuni ya kupinda na kusafisha, kosaini ya a ikizidishwa kwa yenyewe inakuwa (n² − 1)/3, ambapo n ni ile 4/3. Hiyo ni 7/27. A ni digrii 59.4, na P ni 42. Mistari minne ya daftari.

Descartes, mwanahesabu Mfaransa, hakuwa na mistari hiyo minne. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1637, Newton, mmoja wa waasisi wa kalkulasi, akiwa hajazaliwa, alihesabu mwale mmoja baada ya mwingine kwa mkono mpaka akaona namba zinavyosongamana. Zaidi ya miaka 300 kabla yake, al-Farisi huko Uajemi na Theodoric wa Freiberg huko Ujerumani, pasipo mmoja kuijua kazi ya mwingine, walijaza maji katika chombo cha kioo cha duara wakakifanya tone kubwa la mvua, na wakafuata njia ya nuru ndani yake. Mimi huwastahi hao wawili kuliko wote.

Rangi zinakuja mwisho, nazo hazinichukui muda. Namba n si ile ile kwa kila rangi: kwa nyekundu ni takriban 1.331, kwa zambarau 1.343, kwa hiyo vilele vyao vinaangukia digrii 42.4 na 40.6. Ndiyo maana nyekundu iko nje.

Angalia tena picha yako. Ndani ya upinde anga inang'aa kuliko nje, kwa sababu miale yenye P ndogo inaangukia ndani, na hakuna mwale wa kuakisiwa mara moja unaoweza kuvuka kilele. Na kwa kuwa kitovu cha duara ni kivuli cha kichwa chako, jua likipanda zaidi ya digrii 42 duara lote linazama chini ya upeo. Hapo kwenu hilo hutokea takriban saa tatu baada ya jua kuchomoza, na hali hiyo hudumu mpaka yabaki takriban saa tatu lizame. Usiutafute upinde mchana. Wa asubuhi utauona magharibi, upande wa ziwa. Wa jioni mashariki, kwenye mawe. Nyosha mkono upime kutoka kivuli cha kichwa: shubiri moja ni karibu digrii 20, kwa hiyo mbili na kidogo zitakufikisha.

Pembeni mwa picha, juu ya upinde, naona utepe hafifu wenye rangi zilizogeuzwa. Huo ni wa miale iliyoakisiwa mara mbili. Rudia hesabu ukiongeza 180 − 2b nyingine. Safari hii b itapaswa kubadilika kwa theluthi ya kasi ya a, na ukipata pembe ya karibu digrii 51, nitumie daftari. Kisha niambie kwa nini anga kati ya tepe hizo mbili ina giza.

Msalimie mama yako.

Mjomba wako