Kabla hujalipia ile baiskeli

Arusha, Jumapili jioni

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi toka huku. Sisi hatujambo, ila baridi ndiyo imeanza. Nimefurahi mno kusikia umejiandikisha kwenda triathloni ya Rubavu, Rwanda. Kuogelea kilomita 1.9 Ziwa Kivu, baiskeli 90, kisha kukimbia 21.1 si mchezo, nami nataka uzimalize zote.

Ile baiskeli ya triathloni uliyoonyeshwa, nakuomba usiilipie kwanza.

Najua kilichokuvuta. Imetengenezwa kwa kazi moja, kukata upepo ukiwa peke yako. Siti imesogea mbele, viwiko vinaegemea usukani, mgongo unakuwa bapa. Ukishapita kilomita 30 kwa saa kwenye tambarare, kinachokuchosha zaidi ni hewa, na sehemu kubwa ya hewa hiyo inagonga mwili wako kuliko fremu. Tena kwenye mashindano yenu ni marufuku kujificha nyuma ya mwenzako, lazima muachane mita 12. Kwa hesabu hiyo, aliyekushauri hakukudanganya.

Lakini Rubavu ni siku moja, Hamisi. Siku nyingine zote utakuwa Barabara ya Bagamoyo.

Mwaka juzi niliazimwa baiskeli ya namna hiyo kwa mwezi mzima. Asubuhi moja natoka Usa River, kimteremko kidogo, nimejilaza, mikono imeshika ncha za vile vyuma viwili virefu vya mbele. Kwenye ncha kuna gia tu. Breki ziko pembeni, kwenye usukani wenyewe. Daladala iliyokuwa mbele yangu ikakata kushoto kuingia kituoni bila kuwasha taa. Ikabidi niinue viwiko, nirudishe mkono mmoja, niitafute breki, halafu mkono wa pili, huku tairi la mbele linayumba kwa sababu uzito wote nimeulaza juu yake. Nilisimama bega langu likiwa limegusa taa ya nyuma ya gari. Konda akateremka, akanishika mkono, akasema, "Pole kaka." Sikuweza kumjibu.

Kwenye baiskeli ya kawaida ya barabarani, vidole vyangu vingekuwa juu ya breki tayari.

Halafu kuna msafara wenu wa Jumamosi. Huko ndiko utakakojenga miguu, na hakuna anayetaka mtu aliyejilaza mbali na breki nyuma ya tairi lake. Hata Olimpiki, kwa kuwa kule triathloni inaruhusu kufuatana kwa karibu, wanaendesha baiskeli za barabarani. Na Rwanda wanaiita nchi ya milima elfu. Mlimani ule mlalo haukusaidii kitu, na kwenye kona za kushuka utahitaji usukani unaoshikika vizuri.

Nunua ya barabarani, kisha ongeza vile vyuma vya kulalia. Vinauzwa peke yake, vinafungwa kwa bolti, Jumamosi unavitoa. Kumbuka mwendesha baiskeli Greg LeMond mwaka 1989. Siku ya mwisho ya Tour de France, kilomita 24.5 kuingia Paris, alifunga vyuma hivyo vilivyotoka kwa watu wa triathloni. Mashindano yote ya wiki tatu akamshinda mpinzani wake Laurent Fignon kwa sekunde 8. Muulize tu fundi kama usukani wako ni wa kaboni, maana si kila usukani wa kaboni unastahimili kubanwa. Na ukishavifunga, siti isogezwe mbele kidogo, la sivyo mapaja yatakubana tumbo na kwenye kukimbia utaumia.

Ukiwa na nafasi kesho, simama ukutani bila viatu, bana kitabu kati ya mapaja hadi juu kabisa, shemeji akupimie toka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Nitumie hicho kipimo na urefu wako. Kuna fremu mbili nimeziona huku, nitakwenda kuzipima Jumanne.

Msalimie shemeji na watoto.

Rafiki yako,
Elia