Unakwenda chooni kila mara, na bado choo kimekwama

Mpendwa Zuhura,

Barua yako imenifikia, na hasira yako nimeiona tangu mstari wa kwanza. Unashinda ukikimbilia chooni, usiku hulali usingizi ukashiba, kinachotoka ni damu na kamasi, halafu daktari anakuandikia dawa ya kulainisha choo! Unauliza kama kweli alikusikiliza. Kwa maoni yangu alikusikiliza vizuri sana.

Wengi tunaamini kuwa anayeharisha utumbo wake unafanya kazi kupita kiasi. Kwa kolaitisi ya vidonda, huu ugonjwa wako unaouvimbisha utando wa ndani wa utumbo mpana na kuutoa vidonda, mambo ni kinyume. Utumbo mpana ulio mzima, wenye urefu wa kama mita 1.5, muda mwingi hausukumi kitu kwenda mbele. Unakaza hapa, unalegea pale, unakikanda kinyesi na hata kukirudisha nyuma kidogo ili maji yafyonzwe. Msukumo mkubwa, ule wa kubeba mzigo masafa marefu, huja mara chache kwa siku, hasa mtu akiamka au akishakula. Zinazoendesha kazi hiyo ni neva zilizotandazwa katikati ya tabaka mbili za misuli ya utumbo, zikisaidiwa na seli za Cajal zinazoipa misuli mdundo wake.

Sasa ugonjwa ukipamba moto, kemikali zinazomwagwa na uvimbe haziishii kwenye utando wa ndani wenye vidonda. Zinafika hadi kwenye neva na misuli, na misuli inaishiwa nguvu. Ule mkazo wa kukanda na kuzuia ndio unaopungua. Kwa aliyeugua miaka mingi, hata vile vifuko vinavyoupa utumbo umbo lake hupotea, na kwenye picha ya eksirei unaonekana umenyooka kama bomba. Choo cha maji kikiingia humo hakikuti cha kukizuia. Msukumo hafifu tu unakifikisha mwisho. Basi mtu anaharisha na utumbo wake umelegea.

Halafu kuna puru, kile kipande cha mwisho. Kikiwa kizima hutanuka na kuhifadhi choo mpaka upate nafasi. Kikivimba kinakakamaa, na neva zake zinakuwa kali mno, hata kijiko kimoja cha kamasi kinatosha kukuambia umejaa. Hapo ndipo unapojikamua, unapata tone la damu, unanawa mikono, na kabla hujaifuta haja inakubana tena. Ndivyo ulivyoniandikia, karibu neno kwa neno.

Na wewe ugonjwa wako uko chini tu, upande wa kushoto na puruni. Huko juu, upande wa kulia, hakuna kidonda, lakini mwendo umezorota na choo kimelundikana; ndicho daktari alichokiona kwenye picha. Ile dawa ya unga wa kukoroga kwenye maji inavuta maji hadi kwenye choo hicho ili kisogee. Inywe kama alivyokuelekeza. Tumbo kujaa gesi na hamu ya kula kupotea, ulikolalamikia, huenda vikapungua pia.

Yule mwenzako wa wodini mwenye ugonjwa wa Crohn, ugonjwa mwingine wa uvimbe wa utumbo, usijilinganishe naye. Wake unaweza kupenya ukuta mzima wa utumbo na kuacha makovu yanayoubana, tumbo likawa linasokota kila chakula kinapofika penye kizuizi. Ushauri aliokupa ni mzuri kwake, si kwako.

Ninaloliogopa ni zile tembe za loperamaidi, za kuzuia kuharisha, ulizoniambia umezinunua mwenyewe. Tafadhali zifungie kabatini mpaka umuulize daktari. Wakati uvimbe ni mkali, utumbo huzalisha gesi iitwayo naitriki oksaidi kwa wingi, nayo huilegeza misuli zaidi. Ukiongeza dawa kama hiyo ya kuzuia kuharisha, au ya maumivu kama kodeini, utumbo unaweza kusimama kabisa na kutanuka. Kwenye eksirei upana wake ukivuka sentimita 6, na mgonjwa ana homa na moyo unamwenda mbio, hiyo ni dharura ya kuua mtu. Ubaya wake, kuharisha kunaweza kupungua siku hiyohiyo tumbo linapovimba, ukadhani umepata nafuu. Ukiona hivyo usingoje asubuhi, nenda hospitali.

Jambo moja zaidi, na hili ni la baadaye. Vidonda vikishapona, neva huweza kuchelewa kurudi sawa, kwa hiyo usishtuke haja ikiendelea kukubana ghafla. Kuna kipimo cha choo, cha kalprotektini, protini inayoongezeka utumbo ukivimba, kinachosaidia kuonyesha kama uvimbe umerudi au ni neva tu zinazosumbua. Kiombe kabla hujakubali kuongezewa dawa kali.

Niandikie ukishaanza ule unga. Na uniambie wazi kama tembe zile ulikuwa umeshameza.

Wako,
Rehema