Superman ameshuka mgodini: barua kwa Baba Neema

Tandika, Dar es Salaam
Jumapili, 10 Novemba 2024

Kaka yangu Baba Neema,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa mwanangu Neema. Huku sote hatujambo, vuli inasuasua na joto ndilo lile unalolijua. Uliniuliza kama kuna komiki mpya ya maana wiki hii au bado wanatuuzia marudio. Nimeona hili haliishi kwa meseji, ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Ipo. Imetoka Jumatano, tarehe 6, inaitwa Absolute Superman, namba moja. Ameiandika Jason Aaron, yule aliyempa Jane Foster nyundo ya Thor mwaka 2014, na mchoraji ni Mhispania, Rafa Sandoval. Nimeisoma, nikairudia, na kila nikiirudia nakuwaza wewe, maana katika watu wote ninaowajua wanaosoma vitabu hivi, wewe peke yako uko Mererani, kwenye machimbo ya tanzanite. Na humu ndani, kaka, Superman ni mchimbaji.

Nikupe mpangilio kwanza. DC, kampuni ya Marekani inayomtoa Superman, wameanzisha mwezi uliopita ulimwengu mwingine pembeni ya ule wa siku zote. Nguvu ya Darkseid, adui mkubwa wa mashujaa wao, ndiyo iliyouumba, kwa hiyo mashujaa wanazaliwa wakiwa wamenyimwa kile walichozoea kuegemea. Batman alitangulia tarehe 9 Oktoba, Wonder Woman akafuata tarehe 23, sasa ni zamu ya Superman. Usiichanganye na ile ya washindani wao, Marvel, ya Januari, Ultimate Spider-Man ya Jonathan Hickman na Marco Checchetto, uliyoipenda kwa sababu Peter Parker tayari ni mume wa mtu na baba wa watoto wawili ndipo anapata nguvu zake. Pale walimwongezea mtu. Hapa wanampunguzia, halafu wanatazama kinachobaki.

Superman tuliyemzoea ni mtoto wa mkubwa. Baba yake, Jor-El, ni mwanasayansi anayeheshimika, anajua kabla ya wengine kwamba sayari yao, Krypton, itaangamia, anamtia mwanawe kwenye chombo akiwa mchanga, na mtoto analelewa kwa upendo na wakulima wa Kansas. Aaron ameyaondoa hayo. Kwenye Krypton hii watu wamegawanywa matabaka, Jor-El anachimba chini, mama yake Lara ni fundi, na ile S ya kifuani ni alama ya tabaka la vibarua. Hapo nilisimama kusoma. Unajua nimeichora S hiyo mara ngapi, kwenye milango ya bajaji, kwenye fulana za watoto, kwenye ukuta wa kinyozi wa Yombo. Siku zote ilikuwa nembo ya ukoo mtukufu. Leo nikiitazama naona kitambulisho cha mtu wa kubeba mizigo, na naipenda zaidi.

Duniani tunamkuta Brazil, kwenye mgodi wa almasi, amejichanganya na wachimbaji, anafanya kazi ile ile ya baba yake. Eneo limeshikwa na kampuni iitwayo Lazarus, yenye askari wake wenye silaha. Sitakumalizia uhondo. Nitakwambia tu kwamba Lois Lane, yule mwandishi wa habari mpenzi wa Superman, yumo, na yuko upande wa kampuni. Wapo watakaokasirika kwa hilo. Mimi nimelifurahia, kwa sababu Lois wa siku zote yuko upande wa ukweli tangu ukurasa wa kwanza, na huyu itabidi autafute, tena akiwa analipwa mshahara na watu wasiotaka aupate. Huyo ni mtu wa kufuatilia miezi mingi.

Sasa michoro. Mimi ni mtu wa brashi, naangalia vitu wasomaji wengine wanavipita. Joho la Superman tangu 1938 lina ukingo: msitari wa wino mweusi, mikunjo, rangi nyekundu ndani. Ukitaka kuonyesha anakimbia au anatua, unacheza na ule msitari. Hapa joho si kitambaa, ni vumbi jekundu linalomfuata mwilini. Karibu na bega limeshikamana, unaweza kusema ni nguo. Likifika chini linaachana, linakuwa chembechembe, mwisho huoni limeishia wapi na hewa imeanzia wapi. Kazi hiyo kaifanya mpaka rangi, Ulises Arreola, zaidi ya mtu wa wino. Nilikuza picha kwenye simu hadi ikaanza kupasuka nikitafuta msitari, sikuupata. Akiwa ametulia, vumbi limetulia. Akichukia, linapanda. Kwa hiyo mchoraji hana haja ya kumkunja uso kila mara; mwili mzima unasema. Ningekuwa na mwanafunzi wa kuchora ningempa kurasa hizo peke yake kwa mwezi mzima.

Na wewe unajua kuliko mimi kwa nini vumbi. Ulinieleza zamani kwamba mtu akitoka shimoni unamjua kwa kope.

Nina hakika wapo watakaosema Aaron kaingiza siasa kwenye kitabu cha watoto. Ukikutana nao, wapeleke nyuma, 1938. Waliomtunga, Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa familia za wahamiaji Wayahudi waliokutana shuleni Cleveland, walikuwa wamemuuza Superman na haki zake zote kwa dola 130. Jarida lililomleta, Action Comics, likatoka namba ya kwanza. Hadithi ya tatu tu, toleo la Agosti mwaka huo, inahusu mgodi wa makaa ya mawe. Mchimbaji amefukiwa, tajiri mwenye mgodi hajali, usalama ni wa hovyo. Superman anavaa nguo za mchimbaji, na siku tajiri anapofanya sherehe na wageni wake wamevalia vizuri, wanateremka mgodini kwa kujifurahisha. Superman anaiporomosha njia wakiwa humo ndani. Anawaacha wajionee wenyewe: kengele ya hatari haifanyi kazi, wanajaribu kuchimba watoke, mikono inawashinda. Tajiri anatoka hapo ameahidi kurekebisha. Hakuna jitu kutoka anga za juu, hakuna mionzi, hakuna mwendawazimu wa kuvaa kofia ya chuma. Adui wa kwanza kabisa wa Superman walikuwa watu wa namna hiyo: mwenye mgodi, mume anayempiga mkewe, mwanasiasa mla rushwa. Baadaye, mauzo yalipokua, wakamtoa huko wakampandisha juu mawinguni. Aaron hajaleta kitu kigeni. Kamrudisha kazini.

Ndiyo maana nataka uisome wewe. Hizi habari za watu kuchimba kwa posho ya chakula na ahadi ya mgawo siku jiwe litakapotoka, mimi nazisikia kwako. Habari ya Machi 2008, maji ya mvua yalipoingia migodini na wana-Apolo, wachimbaji wenyewe, wakabaki chini, uliisimulia mara moja tu na hukuirudia tena. Mtu wa Marekani anasoma komiki hii akiona mgodi kama mandhari ya kusisimua. Wewe utaona kama aliyechora aliwahi kumuuliza mtu yeyote anayefanya kazi hiyo.

Nina lawama moja, na ni kubwa. Wachimbaji wenyewe siwajui vya kutosha. Wapo, wanateseka, wanaokolewa, lakini nilipofunga kitabu nilikuwa namkumbuka Superman, namkumbuka Lois, naikumbuka hata ile sauti ya Sol inayomsemesha kutoka ndani ya vazi lake, na katika wachimbaji nimebaki na sura tu. Sisi tumekulia kwenye jarida la katuni la Sani, kaka. Kina Madenge na Ndumilakuwili walikuwa watu wa mtaani, na ulijua nani mbishi, nani tapeli. Kitabu kinachosimama upande wa wanyonge kinatakiwa kiwape wanyonge majina na tabia, wawe na mbishi wao na muoga wao na yule anayeficha jiwe mdomoni. Tena kurasa zinarukaruka kati ya Krypton na Brazil; kila nilipoanza kuwazoea watu wa mgodini, tunaondolewa. Ni toleo la kwanza, nafasi wanayo, na nitawadai.

Batman umeshaisoma kwa hiyo naweza kuongea bila kukuharibia. Wengi wanasema ndiyo kinara wa hizi tatu. Ni kazi nzito, sikatai. Scott Snyder alishamwandika Batman tangu 2011, angeweza kurudia yale yale, na badala yake katupa Bruce Wayne asiye na jumba wala mabilioni, injinia, baba yake mwalimu aliyeuawa kwa risasi kwenye ziara ya shule katika bustani ya wanyama. Alfred, mtumishi wake wa siku zote, naye ni jasusi wa Uingereza anayemchunguza. Nick Dragotta kamchora na mabega mapana kama bodi la Fuso, na ile nembo ya kifuani inayochomoka ikawa shoka imewapa watoto wa mtaa huu mchezo mpya wa maboksi. Kilichonigusa mimi ni kwamba mama yake yu hai. Batman mwenye mama ana kitu cha kupoteza kila usiku, na hilo lina nguvu kuliko shoka.

Hata hivyo namweka nyuma ya Superman. Batman huyu anaambiwa hana pesa, lakini silaha ni zile zile, kila kitu kinapatikana anapokihitaji. Umaskini wake nasimuliwa. Wa Superman nauona kwenye mikono.

Jambo moja kuhusu Batman: uliniambia kurasa zake zinakuchosha. Nadhani unasoma kisanduku kimoja kimoja, simu inakusogezea yenyewe. Zima hiyo. Dragotta anakatakata ukurasa vipande vidogo vingi, unabanwa, unabanwa, halafu anakufungulia picha moja kubwa ya kurasa mbili. Simu ikikulisha kipande kimoja kimoja kwa ukubwa ule ule, ule mbano hauupati, na ile picha kubwa inakuja bila kishindo. Ilaze simu, tazama ukurasa mzima kwanza, ndipo usogee kusoma maneno. Au azima kishikwambi cha shemeji.

Wonder Woman sitaisemea sana maana nataka nisubiri namba ya pili. Kelly Thompson kaandika, Hayden Sherman kachora. Diana, ndiye Wonder Woman mwenyewe, amelelewa kuzimu na Circe mchawi, aliyekabidhiwa kitoto asichokitaka na akaishia kuwa mama. Farasi wake wa mbawa ni mifupa mitupu. Ungetegemea mtoto wa kuzimu awe katili, na kumbe ni mpole kuliko wote watatu, kwa sababu kuna mtu alimpenda mahali ambapo hakuna anayependwa. Msomee Neema sehemu za Circe na mtoto. Za vita zinatisha, ziache.

Hapa kibandani nimewasomea vijana ile ya Superman jana jioni, natafsiri huku nawaonyesha picha. Mmoja wao, wa darasa la sita, aliniuliza swali ambalo bado sijampa jibu: kama ana nguvu zote hizo, kwa nini alikubali kuchimba? Kwa nini asiwapasulie mlima mara moja wakagawana almasi wakaenda nyumbani? Mwenzake akamjibu kwamba wenye kampuni wangekuja tu kuchukua. Wakabishana hadi adhana ya magharibi. Vijana hao walianza na filamu, wengi hawakuwa wamewahi kushika komiki, na nilifurahi sana kuona wanagombania jambo lenye uzito kama hilo badala ya nani ana ngumi nzito.

Bei ya jaladani ni dola 4.99, kwa leo ni zaidi ya shilingi 13,000, na najua si hela ndogo kwa kurasa chache. Nimekutumia 14,000 kwenye simu jana usiku. Nunua ya kwako, uwe nayo.

Halafu nijibu, tena kwa kirefu. Nataka kujua kuhusu zile picha za ndani ya mgodi. Je, njia zinaweza kuwa pana namna ile, mtu asimame wima? Matimba, yale magogo ya kushikilia dari, yamewekwa mahali pake au mchoraji ameyapanga tu ili yapendeze? Mpira wa hewa nimeutafuta sijauona. Huko kwenu unapita wapi, juu au kando ya ukuta? Na taa: akigeuka kukusemesha, taa ya kichwani haikupofushi? Nakuuliza kwa sababu nimeanza kuchora kurasa zangu, nane za mwanzo, za kijana anayeteremka shimoni kwa mara ya kwanza, na sitaki kuzipaka wino mpaka uniambie. Chora hata kwa kalamu ya kawaida, upige picha, unitumie.

Msalimie shemeji. Neema mwambie baba mdogo anamchorea farasi wa mifupa.

Wako,
Baba Rehema