Mwanangu, Desemba ni mbali

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, Mama. Ujumbe wako wa Jumapili tuliupata, na mama yako akaniomba niurudie kwa sauti maana miwani yake iko kwa fundi. Umeandika, "Nimechoka Baba, nasubiri Desemba nije nipumzike." Mama yako alicheka. Mimi nikaenda kutafuta karatasi.

Jambo lenyewe ni refu kwa simu, na kwa kuwa kuna mzigo wako unakuja kwa basi, nimeona barua ipande humo humo. Kwenye boksi utakuta ndizi mshare, maparachichi, kahawa kidogo niliyoikaanga mwenyewe, na kitabu. Maparachichi yafunge kwenye gazeti, uyaache mpaka yalainike. Ila mshare usizilaze boksini hadi wiki ijayo. Hizo hazina subira, zikishaanza kuiva hakuna tena mtori hapo.

Nianze na hiyo Desemba. Unajua mwenyewe ilivyo huku kwetu. Ikifika tarehe 20 mabasi yamejaa, magari ya mjini yanapishana kwa shida kwenye njia za vihambani, na kila ua una turubai. Mara kipaimara kwa baba mdogo, mara ubatizo, mara harusi, mara kikao cha ukoo ambacho kinapaswa kuisha saa nane na kinaisha giza likiingia. Mwaka jana sikukuona umekaa. Ukiletewa kiti, unaitwa jikoni. Ukitoka jikoni, umeshika sinia. Uliporudi Dar ulikuwa umechoka kuliko ulivyokuja. Siisemi vibaya, Desemba ina utamu wake, na bila hiyo wajukuu wengine ningewajua kwa picha tu. Lakini raha unayoisema wewe, ya kukaa na kutulia, Desemba haipo. Ipo sasa hivi, mwezi huu wa saba, watu wakiwa wachache, mlima wetu Kilimanjaro umejifunika mawingu tangu alfajiri, na baridi inamfanya kila mtu asogee jikoni bila kuitwa.

Jana kwa mfano ilikuwa siku ya mtori. Mama yako alibandika nyama mapema, kifua cha ng'ombe chenye mifupa yake, kitunguu na chumvi, basi. Akapunguza moto akaiacha. Nyama ya mtori haikimbizwi. Inachemka mpaka iachane na mfupa yenyewe. Kazi yangu mimi ni kumenya. Napaka mafuta mikononi kwanza, kwa sababu utomvu wa mshare ukishakukamata vidole utaenda nao kanisani, na shati ndiyo usiseme. Nakata ncha zote mbili, napitisha kisu kwa urefu juu ya ganda bila kugusa ndizi yenyewe, halafu nabandua kwa kidole gumba. Ganda likitoka zima, nafurahi. Sijui kwa nini nafurahi, lakini nafurahi kila mara. Ndizi inaingia kwenye maji papo hapo isije ikawa nyeusi.

Mama yako akishatoa nyama, ndizi zinaingia kwenye supu ile ile. Zikilainika anaziponda kwa mwiko humo humo sufuriani, huku anaongeza supu kidogo kidogo, na nyama iliyochambuliwa inarudi mwishoni. Anapima uzito kwa kuinua upawa: mtori ukishuka kwa mapande bado mzito, ukishuka kwa mfululizo umefika. Siku hizi wapo wanaoweka karoti na hoho, wengine wanasaga kwa blenda. Sina ugomvi nao. Ila blenda inamaliza vile vibonge vidogo vya ndizi, na kwangu mimi mtori usio na kibonge hata kimoja una walakini.

Huo ndio mtori aliolishwa mama yako alipokuzaa. Bibi yako, uliyerithi jina lake, aliupika yeye mwenyewe kila siku wala hakumruhusu mtu mwingine ashike mwiko. Mama yako anasema kuna siku alikuwa ameshiba kabisa, na bakuli jingine likaja, na hakukuwa na wa kukataa mbele ya mama mkwe. Anahadithia hivyo kwa kulalamika, lakini mapishi yake ni yale yale ya bibi yako, hajabadilisha kitu.

Sasa sikiliza. Watu husema mvumilivu hula mbivu, na kwa mambo mengi ni kweli. Lakini ndizi za mtori huliwa mbichi, Mama. Ukizisubiri ziive umezikosa.

Unalo jiko la gesi, unazo sufuria mbili, nilizibeba mimi mwenyewe siku ulipohamia. Kifua cha nyama buchani kwenu kipo, kitunguu kipo gengeni. Jumamosi ukiamka, badala ya kuagiza chipsi kwa bodaboda, bandika nyama, ufue nguo zako taratibu wakati inachemka. Hata Dar mwezi huu kuna kaubaridi, usinidanganye. Na usipike wa watu kumi kwa sababu eti mtori ni chakula cha wengi. Pika wa bakuli mbili, moja la mchana, moja la yule jirani yako anayekupokelea mizigo.

Najua utasema muda. Ninaijua foleni ya Kimara, nimekaa humo mpaka nikawazoea wauza karanga. Unatoka giza, unarudi giza, sitakuambia upike kila jioni. Hata huku hatupiki mtori kila siku, siku nyingine ni ugali na mchicha na tunalala. Ninachokuomba ni siku moja ya wiki ambayo chumba chako kiwe nyumba, sio mahali pa kulalia ukisubiri likizo. Mwaka una miezi kumi na miwili. Ukiishi mmoja tu, hiyo mingine umempa nani?

Kuhusu kahawa. Nimekuwekea nusu ya niliyokaanga juzi, na nitakuambia ninavyofanya ili ikiisha ujaribu mwenyewe. Jambo la ajabu la huku kwetu ni kwamba kahawa tumelima vizazi na vizazi. Chama chetu cha ushirika, KNCU, kilianza 1933, babu zetu walijenga shule na nyumba za bati kwa kahawa, lakini ingia nyumba kumi hapa kijijini uone utakaribishwa nini. Chai! Kahawa tuliiona ya kuuza tu. Mimi nimeanza kuinywa uzeeni, na sasa sitaki kuacha.

Natoa punje kwenye maganda, naziweka kwenye kikaango cha chuma, moto wa wastani, nakoroga bila kupumzika. Mwanzoni inanukia majani mabichi na unaweza kukata tamaa. Inageuka manjano, inageuka kahawia, harufu inabadilika, kisha inaanza kupasuka, pa, pa, pa. Hapo usiende kufungua mlango hata kama ni padre amebisha hodi. Milio ikitulia, subiri kidogo, mimina kwenye ungo, toka nje upepete. Vile vigamba vyepesi vinapeperuka, punje zinapoa. Mama yako husema moshi wangu unamharibia mapazia, lakini kikombe cha kwanza huwa ni chake, tena anataka na maziwa.

Jioni, tukishakula, ndio wakati wa kitabu. Ni kile cha bluu nilichokuwekea, ambacho ganda lake nimelishona kwa uzi. Umeme siku hizi unakatika bila taarifa, lakini tuna ile taa ya sola uliyotuletea, inatosha kurasa chache. Mama yako anachambua maharage kwenye sinia, mimi nasoma kwa sauti. Tulianza kwa sababu ya miwani yake, nadhani hata ikitoka kwa fundi hataivaa.

Ni Kusadikika, cha Shaaban Robert. Najua mlikipitia shuleni kwa ajili ya mtihani, mkaulizwa dhamira na wahusika, mkakichukia. Kisome sasa ambapo hakuna wa kukuuliza. Kilitoka 1951 na ni chembamba, hakikutishi. Karama ameshtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, na utetezi wake ni kuwasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi yao kwenda kutafuta mambo mema, wakarudi nayo, na malipo yao yakawa mateso. Sisi tuligawa mjumbe mmoja kwa jioni moja. Mama yako hakukubali niongeze hata ukurasa. Anataka kwenda kulala akiwa na hasira na Majivuno, yule waziri anayemshtaki Karama, anasema inampasha joto. Tena anadai Majivuno anafanana na mtu mmoja wa kijijini kwetu. Jina alilitaja, mimi silitaji, ila ukifika ukurasa wake utamjua mwenyewe.

Kitu kizuri cha kusomeana ni kwamba mnasimama. Peke yangu ningepita. Lakini mtu akisema "hebu rudia hapo," unarudia, na mara maharage yamewekwa chini, mnabishana kama Karama angenyamaza angepona au la. Mimi nilisema angepona. Mama yako alisema angepona kwa jina tu. Tukalala hatujapatana.

Jaribu hivyo huko. Simu iweke kabatini, sio mezani ikiwa imegeuzwa kifudifudi, maana hiyo nayo ni kuichungulia. Soma kwa sauti hata kama uko peke yako, Kiswahili kile kiliandikwa kisikike. Yule jirani akija kurudisha bakuli, mwambie akae, umsomee mjumbe wa kwanza. Akikuona umechanganyikiwa, basi. Akiuliza wa pili alikuwa nani, umepata mtu wa Jumamosi.

Mama yako anakusalimu sana. Anasema chumvi ya mtori uweke mwanzoni na uonje tena mwishoni, na kwamba mimi nimekuandikia kitunguu kimoja wakati yeye anaweka viwili. Kitabu ni chake, kirudi bila doa la supu. Nimemwambia doa moja halidhuru, hakujibu.

Namba ya konda nitakutumia basi likishaondoka.

Baba yako