Filamu za Kifaransa zije na maandishi ya Kiswahili

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu. Juzi tulionyeshwa filamu ya Senegali hapa Bagamoyo, bure, viti vikajaa hadi watu wakakaa kwenye mikeka. Wahusika walizungumza Kifaransa na Kiwolof, chini yakapita maandishi ya Kiingereza. Bibi yangu, aliyevaa kanga mpya kwa ajili ya shughuli ile, akanishika mkono: "Mjukuu wangu, kasemaje huyo mama?" Nikawa namnong'oneza. Kila nikimaliza sentensi moja, mbili zimeshapita. Baada ya nusu saa akajifunika kanga, akasinzia. Iliniuma sana.

Ousmane Sembène wa Senegali alikuwa mwandishi wa riwaya kabla ya kushika kamera. Aliingia kwenye filamu ili awafikie watu wake wasiosoma Kifaransa, na mwaka 1968 akatoa filamu kwa Kiwolof. Kazi ya namna hiyo sisi tuipate kwa Kiingereza kwa nini?

Wafasiri tunao. Kifaransa kinafundishwa vyuoni, na mji huu una chuo cha sanaa cha TaSUBa chenye vijana wa sanaa. Kwa wasioweza kusoma haraka (wazee wengi macho yamechoka), awepo mtu wa kusimulia kwa kipaza sauti, kama tulivyozoea kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video. Kule hasinzii mtu.

Waandaaji, safari ijayo anzeni hata na filamu moja yenye Kiswahili. Bibi nitamleta tena, na atakaa mbele kabisa.

Msomaji wenu,
Dunda, Bagamoyo